Bolti Imegoma Gereji: Jua Kinachofanyika Kabla Hujaongeza Hela

Ujumbe wa namna hii wengi wetu tumeshaupokea: "Fundi kafungua mguu wa mbele, bolti imegoma, anasema inabidi kununua mkono mzima. Ongeza hela." Uko jikoni kwa bosi Muscat, au uko juu ya jengo Doha, na gari lililosimama gereji huko nyumbani ndilo linalolisha wazee na kulipa ada za watoto. Hapo wengi hufanya moja kati ya mawili. Ama wanatuma bila kuuliza, ama wanakasirika na kusema fundi ni mwizi. Yote mawili yanagharimu: la kwanza linakula akiba, la pili linavunja uhusiano na fundi pamoja na ndugu aliyesimamia gari.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli, huwezi kushika spana ukiwa ng'ambo. Lakini ukijua kazi inavyokwenda unaweza kuuliza swali sahihi, na swali sahihi huokoa hela nyingi kuliko hasira. Kwa hiyo somo letu la leo ni juu ya bolti moja tu: kwa nini inakwama, fundi makini anaitoaje, na kila hatua ina maana gani kwa mfuko wako. Walioko Uingereza na Marekani wanaojitengenezea magari wenyewe nao watapata chao humu.

Kwa nini bolti inakwama

Chini ya gari kuna mikono ya chuma inayoshika magurudumu. Mafundi wengi huiita kontroli amu. Pale mkono unapoungana na bodi ya gari kuna bushi, yaani mpira mnene wenye bomba dogo la chuma katikati. Bolti ndefu hupita ndani ya lile bomba, na nati huikaza upande wa pili. Mpira ndio unaonyumbulika gari likipita kwenye mashimo. Bolti na bomba vinatakiwa vitulie.

Sasa maji na matope huingia kwenye ule upenyo mdogo kati ya bolti na bomba. Chuma kikila kutu, ile kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kilivyokuwa. Upenyo unajaa, bolti na bomba vinakuwa kama kitu kimoja. Chumvi huharakisha jambo hili. Magari mengi tunayonunua yanatoka Japani, na yale yaliyotumika sehemu za theluji yamepita barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu. Kisha gari linakuja kuishi Mombasa, Tanga, Zanzibar au Dar es Salaam, ambako upepo wa bahari nao una chumvi yake. Aliyeko Uingereza au kaskazini mwa Marekani anaijua hadithi hii kila baridi inapoisha.

Kwa hiyo, jambo la kwanza: fundi anaposema bolti imegoma, mara nyingi anasema kweli. Swali letu linakuwa imegoma vipi, kwa sababu kuna kugoma kwa aina tatu na kila aina ina dawa yake.

Aina ya kwanza, nati imeshikana na meno ya bolti. Nati haizunguki kabisa, au spana inateleza kwa sababu kona zimeliwa.

Aina ya pili, nati imetoka vizuri lakini bolti haichomoki. Ukizungusha kichwa chake kinakwenda kidogo, halafu kinarudi chenyewe kama springi. Hapo unachozungusha ni mpira wa bushi. Bolti imeshikana na bomba la ndani, na kuongeza nguvu hakusaidii.

Aina ya tatu huonekana kwenye linki ya stabilaiza, kile kijiti kinachounganisha stabilaiza na shokapu au mkono. Nati inazunguka pamoja na bolti yake, haifunguki wala haikazi. Hii haihitaji nguvu. Inahitaji kushikwa katikati kwa kitufe cha pembe sita huku nati ikifunguliwa kwa spana ya ringi. Kitundu cha katikati kikiwa kimeliwa, inakatwa tu, maana linki yenyewe kwa kawaida inabadilishwa.

Hatua za fundi makini

Hatua hizi zina mpangilio, zinaanzia kwenye ya bei ndogo kwenda kwenye ya bei kubwa. Fundi anayerukia ya mwisho anakuongezea gharama. Anayeng'ang'ania ya kwanza siku nzima anakupotezea muda.

1. Usalama kwanza. Gari linanyanyuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara. Hakuna mtu kuingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hasa siku ya bolti iliyokwama, kwa sababu utavuta na kutikisa kwa nguvu. Jingine: ile nati ya katikati juu kabisa ya shokapu yenye springi isiguswe kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake. Springi ile ina nguvu ya kuua.

2. Kusafisha na kulowesha. Meno ya bolti yanayoonekana yanasuguliwa kwa brashi ya waya, halafu yanapuliziwa mafuta ya kupenya kutu. Hapa wengi hukosea kwa haraka. Mafuta yanahitaji muda. Dakika tano ni chache, saa kadhaa ni nzuri, usiku kucha ni bora zaidi. Kama kazi imepangwa, mwambie aliyeko na gari aanze kupulizia siku mbili tatu kabla ya kwenda gereji. Chupa moja ya mafuta na uvumilivu ndiyo dawa rahisi kuliko zote.

3. Spana inayokaa sawasawa. Soketi ya pembe sita inashika ubavu mzima wa nati, wakati ile ya pembe kumi na mbili inashika kona tu na huzila haraka. Saizi iwe ile ile, kwenye magari mengi ya Kijapani 17 na 19 ndizo zinazokutana na mkono mara nyingi. Spana inayocheza leo ndiyo nati iliyoliwa kesho.

4. Kwenda na kurudi. Wajenzi wenzetu mnaijua hii kwenye klampu za jukwaa zilizoganda saruji. Unaikaza kidogo kwanza ili kutu ivunjike, kisha unalegeza robo, unarudisha, unaongeza mafuta, unalegeza nusu. Ukilazimisha upande mmoja tu bolti inakatika. Paipu ndefu kwenye mpini wa spana husaidia, ila ivutwe polepole na mwili usiwe mahali utakapoangukia ikiachia ghafla.

5. Nyundo. Bolti isiyochomoka inagongwa kwa nyuma, na nati inarudishwa mpaka iwe sawa na ncha ya bolti ili meno yasiharibike. Kugonga kunapasua kutu. Kama baada ya mapigo kadhaa haijasogea hata kidogo, huenda tuko kwenye aina ya pili.

6. Moto. Dada zetu jikoni mnafanya hili kila siku: mfuniko wa chupa ya jemu ukigoma, unaupitisha kwenye maji ya moto, bati linatanuka na unafunguka. Fundi naye anapasha nati kwa moto wa gesi ili itanuke na kuachia bolti. Lakini moto una masharti yake. Yale mafuta yaliyopuliziwa yanawaka, kwa hiyo yafutwe kwanza. Paipu za breki, tangi na paipu za mafuta, na mipira ya boli joinki vyote viwe mbali. Shokapu isipashwe moto kabisa, kwa sababu ndani ina oili na mara nyingi gesi yenye shinikizo, inaweza kupasuka. Na bolti iliyopashwa mpaka ikawa nyekundu hairudishwi, nguvu yake imepungua. Kwa aina ya pili moto mara nyingi hausaidii: unaunguza mpira wa bushi na kutoa moshi mbaya kabla joto halijafanya kazi.

7. Kukata. Kama bolti imeshikana ndani ya bushi, dawa ni kuikata sehemu mbili, katikati ya bushi na ile bracketi ya bodi, upande huu na ule. Hukatwa kwa msumeno wa chuma wa umeme au kwa grinda yenye jiwe jembamba. Mkono unatoka na kipande cha bolti kikiwa bado ndani yake. Bushi ya zamani inakufa, lakini kama ulikuja kubadilisha bushi hujapoteza kitu. Kitu cha kulinda ni ile bracketi ya bodi. Ikikatwa kwa uzembe, gharama inahama kutoka kwenye bolti kwenda kwenye kuchomelea bodi.

Hesabu: mkono mpya hautoi bolti ya zamani

Hapa ndipo ujumbe wa "ongeza hela" unapopimwa. Kama bolti imeganda, itabidi ikatwe iwe unanunua bushi tu au unanunua mkono mzima, maana hiyo bolti ndiyo inayoufunga mkono kwenye gari. Kununua mkono mpya hakuondoi kazi ya kukata. Kwa hiyo sababu ya "bolti imegoma" peke yake haitoshi kununua mkono.

Tupige hesabu ya mfano. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu, bei za kwenu ziulizeni huko huko. Tuseme bushi mbili ni shilingi 40,000, bolti na nati mpya 15,000, kazi ya fundi 50,000, kukata 15,000 na alaimenti 30,000. Jumla 150,000. Sasa weka mkono mzima wa 180,000 badala ya bushi, mengine yabaki vile vile: jumla 290,000. Tofauti ni 140,000 kwa neno moja ambalo hukuliuliza.

Lakini tusimhukumu fundi kabla ya kumsikiliza. Zipo sababu halali za kununua mkono mzima: boli joinki yake nayo imelegea na haibadilishwi peke yake, bushi zake haziuzwi kando, mkono umepinda au umeliwa na kutu, au hakuna mashine ya kushindilia bushi mpya karibu. Fundi mkweli atakutajia mojawapo na atakuonyesha. Anayerudia "imegoma" tu, bado hajajibu swali.

Hesabu ya pili ni ya kutuma. Bolti iliyokwama ina tabia ya kuomba hela kidogo kidogo: leo ya mafuta, kesho ya kukata, keshokutwa ya bolti. Kila ukituma unalipa ada ya kutuma. Tuseme ada ni riali moja na nusu, mara tatu ni riali nne na nusu kwa kazi moja. Na wakati hela inasubiriwa gari limelala. Kama huingiza 25,000 kwa siku, siku tatu za kusubiri ni 75,000, ambayo kwa mfano wetu ni nusu ya bili yote. Ndiyo maana tunasema: uliza yote siku ya kwanza, tuma mara moja.

Ujumbe wa kumwandikia fundi

Lugha nzuri hufungua kuliko nyundo. Unaweza kuandika hivi:

"Fundi, habari za kazi, poleni na jua. Nimepata taarifa ya bolti. Naomba unisaidie majibu haya ili nikituma nitume mara moja, kazi isisimame:
Bolti iliyokwama ni ya wapi, na nati yake imetoka au haijatoka?
Naomba picha ya bolti na video fupi ukijaribu kuizungusha.
Imeloweshwa mafuta kwa muda gani?
Ikibidi kukata, nani atakata na ni kiasi gani?
Kinachobadilika ni bushi au mkono mzima? Kama ni mkono, tatizo lake ni nini?
Bolti mpya itatoka wapi, na kichwani imeandikwa namba gani?
Alaimenti imo kwenye hesabu?
Vifaa vya zamani naomba apewe mdogo wangu."

Video ya sekunde kumi inatosha. Ukiona kichwa cha bolti kinakwenda na kurudi chenyewe, umeiona aina ya pili kwa macho yako, mruhusu akate. Ukiona bolti haijaguswa brashi wala haina dalili ya mafuta, mwombe kwa heshima ailoweshe mpaka kesho. Na mdogo wako aliyeko pale mpe kazi yake, si ya kumchunga fundi kama askari, bali kupiga picha na kupokea vifaa vya zamani.

Kurudisha: hapa ndipo hela ya mwaka ujao inapookolewa

Kutoa bolti ni nusu ya kazi. Mambo manne yasimamie wakati wa kufunga.

La kwanza ni bolti yenyewe. Bolti za miguu ya gari ni za chuma kigumu, na nyingi zina namba kichwani, kama 8.8 au 10.9. Namba ikiwa kubwa bolti ina nguvu zaidi. Mpya iwe ya namba ile ile au zaidi, unene ule ule na urefu ule ule. Bolti ya duka la vifaa vya ujenzi isiyo na namba, au nondo iliyochongwa meno, isiwekwe hata kwa siku moja. Ikikatika barabarani gurudumu linapoteza mwelekeo, na waliomo ndani ya gari ni watu wako au abiria wa watu.

La pili ni grisi. Ile sehemu laini ya bolti inayokaa ndani ya bomba la bushi ipakwe grisi ya kuzuia kugandana, kama ile ya shaba, kidogo tu. Meno yaachwe makavu isipokuwa kitabu cha gari kimesema vingine, kwa sababu meno yenye grisi hukazika kupita kiasi bila fundi kujua. Na mpira wa bushi usipakwe grisi ya kawaida, unaharibika.

La tatu wengi hawalijui, na ndilo linalofanya bushi mpya ife mapema. Bolti za bushi za mpira zisikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa linaning'inia. Zifungwe kwa kulegea, gari lishushwe au mkono unyanyuliwe kwa jeki mpaka ukae kama unavyobeba uzito, ndipo zikazwe kwa kipimo. Ukikaza mguu ukiwa unaning'inia, gari likishuka mpira unabaki umejikunja muda wote, na kila shimo linaupasua zaidi. Halafu utaambiwa spea ilikuwa feki.

La nne ni alama na alaimenti. Baadhi ya bolti zina duara lisilokaa katikati linalotumika kurekebisha mwelekeo wa gurudumu. Fundi aweke alama kabla ya kuzifungua. Hata hivyo baada ya kazi gari lipelekwe alaimenti. Ukiruka 30,000 ya alaimenti utanunua tairi.

Gari lijitunze lenyewe

Mwisho tuje kwenye akiba, maana hapo ndipo ujumbe wa "ongeza hela" unapokosa nguvu. Gari linalofanya biashara lisitengenezwe kwa mshahara wako wa ugenini. Kubaliana na anayeliendesha kwamba kila wiki, kabla ya mgao wowote, kiasi fulani kinaingia kwenye mfuko wa matengenezo, kwenye akaunti au laini ya simu isiyotumika kwa matumizi ya nyumbani. Anza na sehemu moja ya kumi ya mapato, uone kwa miezi mitatu kama inatosha, kisha rekebisha.

Pamoja na mfuko liwepo daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila kazi iandikwe: tarehe, kilometa, kilichobadilishwa, bei ya spea, bei ya fundi, na picha ya kifaa cha zamani. Siku utakapoambiwa bushi ya kushoto imekufa, utafungua daftari na kuona ilibadilishwa lini. Kama ni miezi minne tu iliyopita, swali lako la kwanza litakuwa: ilikazwa gari likiwa chini au likiwa linaning'inia?

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Mpigie anayetunza gari lako, umwombe achuchumae na kupiga picha za bolti za miguu yote minne. Zenye kutu nyekundu nene ziandikwe kwenye daftari. Katika sevisi ijayo zisuguliwe kwa brashi na kupuliziwa mafuta, hata kama hakuna kinachobadilishwa. Na kama kuna kazi ya bushi au shokapu inayokuja, uliza bei ya bolti mpya na ya kukata leo, wakati gari bado linatembea na hakuna anayekuharakisha.